Maneno ya Saru Niliyafuta Mimi

Grand Prairie, Jumanne asubuhi

Mwalimu,

Saru anakuja. Jumamosi hii saa tisa alasiri atatua Houston na sanduku moja na barua ya chuo, na anataka Baba Mdogo wake, Mghanga, ampokee uwanja wa ndege. Mwanao, Mwalimu! Yule uliyemwacha Voi na meno mawili mdomoni, sasa ana miaka kumi na minane na kwenye simu anaongea kama karani wa benki.

Ingekuwa ni habari njema tu, ningeishia hapo. Lakini kuna jambo nimekaa nalo miaka minane, na kabla sijamwambia yeye nimeona nikwambie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye niliyeanza kukukosea. Nimetoka shifti sasa hivi, viatu bado viko miguuni na chai imepoa mezani. Nikienda kulala sitaandika tena. Najijua.

Nianzie kabatini. Lile kabati lako la nguo, ulilolifanya studio. Nguo zote ukazitupa kwenye sofa, ukabakiza makoti ya baridi yananing'inia ili yazuie mwangwi, blanketi mbili mlangoni, maikrofoni katikati. Kwaya nzima ya watu kumi na wanne walikuwa wanaingia wawili wawili, wanaimba huku jasho linawatoka, wanatoka, wanaingia wengine. Mimi nilikuja kuimba, ukanisikiliza ubeti mmoja ukasema, "Nekesa, sauti yako ni ya kawaida tu, lakini mkono wako ni msafi. Njoo ukae kwenye kompyuta." Nilinuna wiki nzima. Haki ya Mungu, hukuwa na mdomo wa kubembeleza mtu.

Lakini ulinifundisha. Ulikuwa unatoka kazini ghalani na vumbi kwenye nyusi, huli, huogi, unavuta kiti karibu na changu. "Hii sesheni ni daftari tu," ukaniambia siku ya kwanza. "Haina sauti ndani yake. Inaandika tu sauti gani ianze wapi na iishe wapi. Sauti zenyewe ziko kwenye folda ile pale. Daftari likipotea utaandika jingine. Folda ikipotea, basi." Ukanifundisha kuipa kila faili jina: nani ameimba, ubeti gani, jaribio la ngapi. Mtu akiacha faili na lile jina la namba linalowekwa na programu, ulikuwa unagomba: "Na huyu ni mtoto wa nani? Hana baba?" Kwaya wanacheka, wewe hucheki.

Na kila Jumamosi kabla ya mazoezi, usafi. Diski yenyewe ilikuwa ndogo na sauti ni nzito, kwa hiyo tulikuwa tunatafuta vipande ambavyo havitumiki kwenye mstari wowote wa wimbo, makosa, vikohozi, mtu ameanza kabla ya wakati, tunavifuta tupate nafasi. Kazi hiyo ukaniachia mimi, na mimi niliipenda, sitakudanganya. Pale Arlington, kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi, nilikuwa naosha wazee wa watu na kubadilisha shuka tangu asubuhi hadi jioni na hakuna aliyeniambia asante. Lakini nikimaliza kufuta, ulikuwa unaangalia skrini, unapiga makofi mara moja tu, unasema, "Safi." Nilikuwa naendesha gari hadi nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Halafu koo. Sauti yako ilianza kukwaruza, tukasema ni vumbi la ghala, ukanywa tangawizi na asali miezi mitatu. Daktari alipokuja kusema ni kansa, alisema pia kwamba wataondoa sehemu yote ya koo inayotoa sauti, na baada ya hapo hutaongea tena. Ulitueleza kwaya habari hiyo ukiwa umesimama, kisha ukasema, "Haya, ukurasa wa pili," tukaimba. Hakuna aliyeimba vizuri siku ile.

Wiki moja kabla ya kukatwa ulinituma dukani mara tatu, mchana kweupe, siku tatu mfululizo. "Nekesa, kaninunulie ndimu." Ndimu zilikuwa zimejaa kwenye friji hadi zinaanguka ukifungua mlango! Nikirudi nakukuta umetoka kabatini, macho mekundu, hedifoni shingoni. Sikuuliza. Nilidhani unalia peke yako, na mtu mzima akitaka kulia peke yake unamwacha. Kumbe ulikuwa unamrekodia Saru. Ulirekodi ndani ya sesheni ya Krismasi kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi, halafu ukaviondoa vile vipande kwenye mstari ili wanakwaya wasije wakavisikia, ukaviacha chini kwenye orodha na zile namba za programu. Bila jina. Wewe! Mtu wa majina! Nakulaumu, Mwalimu. Nisamehe, lakini kwa hilo nakulaumu mpaka leo. Ungeandika Saru. Herufi nne tu.

Siku ya tatu baada ya upasuaji kwaya ilikuwa inakuja kumalizia nyimbo za Krismasi. Nikasema wacha nifanye usafi, Mwalimu akiamka akute kazi imekwenda. Programu yenyewe ikachagua kila kipande kisichotumika. Ikaniuliza, niviondoe kwenye orodha tu au nivifute kabisa kwenye diski? Nikabonyeza kabisa. Ikauliza tena kama nina hakika, kwa sababu havitarudi. Nikabonyeza ndiyo huku natafuna karanga. Sikusikiliza hata kimoja. Kisha kwaya wakaingia, wawili wawili, wakarekodi saa sita nzima juu ya nafasi ile ile, na mimi nikajiona fundi wa mafundi.

Kesho yake nikaja hospitali. Ulikuwa na bomba shingoni na daftari la karatasi za manjano kifuani. Ukaandika taratibu, ukanigeuzia: "Maneno ya Saru. Sesheni ya Krismasi. Hayana majina. Yaunganishe, umtumie nikishaenda."

Nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo, Mwalimu. Kufuta kulikuwa ajali, na ajali inaweza kumpata yeyote. Lakini kile kichwa nilikiinamisha mwenyewe, nikijua. Uliishi siku ishirini na mbili baada ya hapo. Siku ishirini na mbili kalamu ilikuwa mkononi mwako. Uliandika "maji". Uliandika "geuza mto". Uliandika "kwaya wameimba vipi", "zima hiyo televisheni". Siku moja ukaandika, "Umeunganisha?" Na mimi, ambaye ulikuwa unanisikia vizuri kabisa, nikaona aibu kutumia mdomo, nikachukua kalamu yako nikaandika chini yake: "Tayari. Yametoka safi." Ukasoma. Ukapiga makofi mara moja, mikono yenyewe imebaki mifupa.

Ningekwambia, ungenikasirikia. Labda ungenifukuza. Kisha ungegeuza ukurasa ukamwandikia mwanao upya, kwa mkono wako, na leo angekuwa nayo barua hiyo. Sikukwambia kwa sababu niliogopa macho yako. Hakuna sababu kubwa kuliko hiyo, nimeitafuta miaka yote hii sijaipata. Na zile karatasi za manjano zilitupwa na wauguzi asubuhi ile uliyotutoka, kabla sijafika. Hata zile za maji na mto.

Tulikusafirisha, ukazikwa kwenu. Mama Saru akanipigia akasema, "Mwenzangu aliniandikia kwamba maneno ya mtoto ameyaacha kwako." Nikasema ndiyo, yapo, nayatengeneza. Ona jinsi uongo ulivyonizoea kufikia hapo. Nikaipeleka diski kwa watu fulani Plano wanaofufua diski zilizokufa. Kijana wa pale akaikagua siku mbili akanirudishia, akasema nafasi ile imeandikwa juu yake, hakuna cha kufufua. Alikuwa mpole. Nilitamani anitukane.

Basi nikakumbuka Houston. Ulikuwa na tabia ya kumtumia ndugu yako Mghanga diski kila mwezi akuwekee, ikitokea nyumba imeungua. Na ya mwisho uliituma mwenyewe siku moja kabla ya kukatwa. Nikaifunga kompyuta mkanda wa usalama kwenye kiti cha mbele, mwanamke mzima nakwambia, nikashika barabara ya arobaini na tano nikiomba Mungu kwa sauti mpaka Houston. Mghanga akaondoa sahani mezani tukaiweka hapo.

Ilikuwa sesheni tu. Daftari. Folda ya sauti haikuwemo, haikutoshea kwenye diski ndogo kama zile. Programu ikazitafuta faili, ikazitafuta, ikasema haizioni. Lakini ile michoro ya mawimbi ilikuwa imehifadhiwa. Vipande vinne, dakika kumi na saba. Niliyaona maneno yako kwa macho, Mwalimu. Nilikuwa nimekaa na michoro ya sauti yako miaka miwili, naijua. Hapa amemeza mate. Hapa amekohoa. Kwenye kipande cha tatu kuna mahali mstari umenyooka kabisa, sekunde kumi na tisa, umenyamaza, kisha kuna kivimbe kimoja kidogo. Neno moja. Nikabonyeza pale mara ngapi sijui. Kimya.

Nyuma yangu Mghanga akasema, "Mungu wangu."

Ilikuwa ni wewe, sauti yako kabisa. Sisi sote tulikuwa tunawachanganya kwenye simu, hata Mama Saru alikuwa akiuliza kwanza ni nani, lakini siku ile, na wewe hupo... Nikageuka nikamwambia, "Hebu sema, 'Saru mwanangu.'"

Alielewa papo hapo na akakataa. Akatoka nje, akalizunguka lori lake, akarudi. Nikamwambia mtoto ana miaka kumi, amezika baba asiyemkumbuka sura, anakujua kwa kadi za simu za dakika tano tano, na sasa anangoja CD. Tumwambie nini? Kwamba Anti Nekesa alikuwa anafanya usafi? Wazo lilikuwa langu, Mwalimu. Usimhukumu yeye.

Tukaandika maneno pale mezani. Soma kwa bidii. Mtii mama. Usiache kuomba. Maneno ambayo mzazi yeyote angeyasema kwenye siku ya zawadi shuleni, nikayaona makavu, nikaongeza moja langu: "Ulikuwa hulali mpaka umeshika sikio langu." Ni mdogo wangu wa Bungoma ndiye aliyekuwa akilala hivyo. Kisha nikamrekodi Mghanga nikiwa nimeifungua ile michoro yako mbele yetu. Ulipotua, akatua. Ulipokohoa, nikamwashiria kwa kidole akakohoa. Zile sekunde kumi na tisa nikaziacha vile vile, na baada yake akasema "mwanangu". Ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kila faili niliipa jina lake.

CD ilikwenda kwa mkono wa mtu. Saru alipiga simu akilia, akasema, "Anti, Baba ana sauti nzuri." Mama Saru akachukua simu, akasema, "Nimesikia." Akakata. Sijui alisikia nini, na sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Hapa pengine unataka kujua mambo mengine yamekwendaje. Kwaya imegawanyika, wengine wamejenga kanisa lao kule Plano na wanarekodi kwenye studio ya kweli yenye kioo. Diski siku hizi zina nafasi kubwa ajabu, na kila moja inaenea kiganjani. Nina wasichana wawili ninaowafundisha nyumbani kwangu, na wananiona mwanamke wa ajabu kwa sababu siwaruhusu kufuta kitu, hata kikohozi. Nina diski kumi na moja zimejaa takataka za watu. Wananicheka, nawaacha wanicheke.

Na Mghanga. Hili hukulijua na ndilo linaloniua. Tangu siku ile ndugu yako hajasema neno hata moja na mtoto wako. Atasemaje? Akifungua mdomo tu, Saru atajua. Namba ya nyumbani ikiita anampa mkewe simu. Anamtumia viatu, vitabu, sweta, kadi bila neno ndani. Walipotuma video ya harusi ya binamu yenu, Mghanga alikuwa amesimama kimya mstari wa nyuma watu wote wakiimba. Miaka minane amejifanya bubu kwa ajili ya mchana mmoja mezani kwake.

Jumapili iliyopita Saru alinipigia kunipa habari za viza. Tukacheka, tukapiga vigelegele. Kisha akasema, "Anti, naomba nikuulize kitu. Baba Mdogo ananichukia kwa nini? Nilimkosea wapi?" Akasema, "Mimi huwa naisikiliza CD najiambia, angalau Baba alinipenda. Hata nikilala, nashika sikio langu."

Sikio, Mwalimu! Kitu nilichokitunga mimi nikiwa na kikombe cha soda mkononi!

Jana nilimpigia Mghanga. Akasema ameshapanga, Jumamosi atachukua mzigo wa El Paso, aseme amekwama njiani. Nikamuuliza, na Jumamosi nyingine? Akasema atahama Houston. Mtu ana nyumba na watoto watatu shuleni! Nikamwambia hebu koma. Akaanza kulia, na kulia kwenyewe analia kwa sauti yako, nami nikakaa kwenye ngazi za jengo nikisikiliza. Akasema, "Nekesa, nimechoka. Ni mtoto wa ndugu yangu. Nataka kumwambia karibu nyumbani."

Basi nimeamua. Nimeomba ruhusa kazini, Ijumaa nashuka Houston. Nitampokea mimi. Nitamlisha kwanza, maana atakuwa amekula vile vyakula vya ndege, kisha nitamkalisha chini nimwambie kwamba sauti aliyolala nayo miaka minane si ya baba yake. Ya baba yake niliifuta mimi, na nilipokuwa na siku ishirini na mbili za kusema, nilinyamaza. Mghanga atakuwa chumba cha pili. Nikimaliza atatoka amsalimie kwa mdomo wake. Kwa siku hiyo moja atampoteza baba na kumpata baba mdogo, na sijui kama kuna mtoto anayeweza kubeba yote hayo kwa mara moja. Anaweza kunitemea mate. Anaweza kurudi uwanja wa ndege. Sitamzuia.

Sikuombi msamaha, Mwalimu, ningetaka msamaha ningeuomba ukiwa na kalamu. Pumzika. Nilikupenda kama mzazi wangu na nikakudanganya ukiwa kitandani, na yote mawili ni kweli. Ahadi ninayokupa ni moja. Najua ataniuliza, "Sasa Baba alisema nini?" Atauliza, hata angekuwa na hasira vipi. Na mimi sitamtungia tena. Nitamwambia aliongea nawe dakika kumi na saba, mwanangu, na mimi sijui alisema nini.

Nekesa